Kilio Korongoni

Kila Jumamosi saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Kasigau hadi magotini, Nzilani alikuwa amelala chali chini ya gari la zahanati. Watoto wengine wa Rukanga saa hiyo walikuwa wakifua sare za shule au wakitoa mbuzi zizini. Yeye, msichana wa miaka kumi na mitatu wa Gredi ya Saba, alikuwa na bomba la grisi mkononi na vumbi kisogoni, na wala hangekubali kubadilishana kazi na mtu.

Baba yake, Nzioka, ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo kubwa jeupe. Aliwachukua wagonjwa na akina mama wajawazito kutoka vijiji vya chini ya mlima, akawafikisha hospitalini Voi. Tangu aumie mgongo akibadilisha gurudumu, hakuweza tena kutambaa uvunguni mwa gari, kwa hivyo alimfundisha bintiye. "Kila kiungo kina nipo yake," alimwambia, akimwonyesha vichuchu vidogo vya chuma vya kupitishia grisi. "Ifute, piga grisi mpaka ile ya zamani itoke, halafu weka alama ubaoni. Mimi nikiona alama, nalala usingizi."

Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa banda. Baba aliandika hapo majina ya viungo vyote kwa rangi, na Nzilani alitia alama ya chaki mbele ya kila jina. Alama zake zilikuwa nadhifu kushinda hata za mwalimu wake wa hesabu.

Kulikuwa na viungo viwili ambavyo hakuvipenda hata kidogo. Vilikuwa kwenye propela ya mbele, ile nondo nene inayopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya mbele. Nipo zake zilielekea juu, na ili kuzifikia ilimbidi aizungushe propela kwa mikono huku mchanga ukimmwagikia machoni. Nzilani alikuwa na akili, na akili nayo ina mitego yake. Aligundua kwamba katika barabara ya kawaida ni magurudumu ya nyuma tu yaliyosukuma gari. Propela ya mbele ilitulia tuli. Kitu kisichozunguka kina haja gani ya grisi? Basi tangu mwezi wa tisa akawa anaviruka viungo vile viwili, anatia alama zake ubaoni kama kawaida, kisha anakwenda kunywa chai.

Mvua za Novemba zilipoanza, kilio nacho kikaanza.

Njiani kutoka Rukanga kwenda Maungu, kabla ya kufika barabara ya lami, palikuwa na korongo pana la mchanga. Watu waliliita Korongo la Mwelu. Miaka tisa nyuma, mafuriko yalimkumba humo mwanamke kijana aliyeitwa Mwelu, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Mwelu alipatikana siku ya pili, amenaswa kwenye miiba. Mtoto hakupatikana. Mama yake Mwelu, Bibi Nthenya, ambaye watoto wote walimwita Susu, yaani bibi, hakuhama. Aliendelea kuishi peke yake ukingoni mwa korongo hilo hilo.

Siku ya kwanza ya kilio, Nzilani alikuwemo garini, wakirudi kutoka Voi na akina mama watatu. Ilikuwa saa kumi za jioni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka vichakani, na hata ndege walikuwa wamenyamaza. Walipofika ukingoni Baba alisimamisha gari, kama ilivyokuwa desturi yake. Alishuka, akazungusha habu, ule mfuniko ulio katikati ya kila gurudumu la mbele, ili magurudumu yote manne yashirikiane kuvuka mchanga. Akarudi, akavuta gia ndogo, ile ya nguvu nyingi na mwendo wa polepole, wakaanza kuteremka.

Kwii. Kwii. Kwii. Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya mtoto aliyechoka kulia na bado analia. Ilitoka chini ya miguu yao, halafu ikatoka kwenye ukuta wa korongo, halafu ikawa inawafuata kutoka kwenye kona waliyokwisha kuipita. Gari lilipopunguza mwendo, mtoto naye alilia polepole. Lilipoongeza mwendo, alilia mbiombio, kana kwamba anaogopa kuachwa. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso yake. Mwingine alianza kusali, akasahau maneno. Walipopanda ukingo wa pili Baba alishuka, akaachia habu, wakaendelea na safari, na kilio kikawa kimekatika kabisa.

"Umesikia, Baba?" Nzilani aliuliza.

"Nimesikia," Baba alijibu.

Nzilani aligeuka kutazama nyuma. Ng'ambo ya pili, ndani ya ukungu, Susu Nthenya alikuwa amesimama peke yake, kiganja nyuma ya sikio, akisikiliza.

Habari za namna hiyo hazihitaji miguu. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilijua kwamba mtoto wa Mwelu analililia gari la wajawazito. Wengine walisema anamtafuta mama yake, wengine wakasema anatafuta mwenzake wa kucheza naye, na hayo ya pili ndiyo yaliyowatia wanawake baridi. Wazee wa kanisa walishuka korongoni wakaomba. Kesho yake gari lilipopita, kilio kilikuwa pale pale, na kimezidi ukali. Baba hakuwa mtu wa kuamini kila kitu, lakini aliliendesha gari kuzunguka uwanja wa nyumbani mara kumi na halikulia hata mara moja. "Gari ni zima," alisema akikuna kichwa. "Mgonjwa ni korongo."

Kwa wiki tano akina mama wakawa wanapungua. Wengine waliamua kujifungulia nyumbani, na muuguzi wa zahanati, Dinah, akawa haishi kuwabembeleza. Nzilani aliyasikia yote hayo kwa hofu ile ile ya kila mtu, kwa sababu nyumbani kwao pia palikuwa na mjamzito. Dada yake Teresia, ambaye mumewe alifanya kazi Mombasa, alikuwa amerudi kwao kujifungua.

"Mtoto amelala amekingama," Dinah aliwaambia Jumatatu baada ya kumpima. "Kichwa kiko ubavuni. Huyu hawezi kuzaliwa hapa, mnanielewa? Ijumaa isimkute Rukanga. Akishikwa na uchungu hapa, tunaweza kuwapoteza wote wawili."

Teresia aliitikia kwa kichwa. Dinah alipoondoka alisema kwa sauti ndogo, "Katika gari lile sipandi." Na gari lingine la kuvuka mchanga ule wakati wa mvua halikuwepo.

Jumatano alasiri mvua ilinyesha kwelikweli. Nzilani alikuwa barazani akimenya viazi, Teresia amekaa kando yake, mkono juu ya tumbo. Kutoka mbali, nyuma ya pazia la mvua, walisikia kitu kinakuja.

Kwii. Kwii. Kwii.

Kisu kilimponyoka Nzilani. Sauti ilikuja na barabara, ikapita kanisani, ikakata kona ya kisima, ikaingia uani mwao. Ilikoma gari la zahanati liliposimama mbele ya baraza. Baba alikaa kwenye usukani bila kushuka, uso wake umekuwa rangi ya jivu.

"Haikubaki korongoni leo," alisema hatimaye. "Imenifuata njia nzima."

Teresia alisimama, akashika nguzo ya baraza. Alikuwa analia bila sauti. "Imekuja kumchukua wangu," alisema. "Baba, naomba usiniambie tena habari za Voi." Aliingia ndani akafunga mlango.

Baba alimfuata. Nzilani alishuka uani, mvua ikimnyeshea. Gari lilikuwa mbele yake, linatoa mvuke kama mnyama aliyekimbizwa. Kwa sababu hakutaka kuutazama uvungu wake, alitazama magurudumu. Hapo akaona kitu. Habu zilikuwa bado zimekazwa. Barabara yote ilikuwa tope, kwa hivyo safari hii Baba hakushuka kuziachia baada ya korongo.

Nzilani alisimama akawaza. Habu zikikazwa, magurudumu ya mbele yanaizungusha propela ya mbele. Korongoni habu hukazwa. Leo zilikazwa mpaka nyumbani. Kilio hakikuwa kinalifuata gari, wala hakikuwa na makao korongoni. Kilikuwa mahali ambapo ile propela ilizunguka, ile ambayo hakuitia grisi tangu mwezi wa tisa.

Ungedhani alifurahi. Hapana. Alipoogopa mzimu alikuwa na kijiji kizima cha kuogopa naye. Hofu hii mpya ilikuwa yake peke yake. Aliingia ndani, akala viazi kimya, na Baba alipomwambia kwamba amempigia simu fundi wa Voi aje asubuhi, aliinamisha kichwa. Alijiambia kwamba fundi ataona mwenyewe, na ukweli utatoka bila yeye kufungua mdomo.

Fundi alifika Alhamisi saa mbili kwa bodaboda, mfuko wa spana begani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, jina lake Evelyn. Alisikiliza hadithi yote ya Mwelu bila kucheka.

"Pole zenu," alisema. "Lakini gari ni kama mtoto mchanga, Baba Teresia. Haliongei, linalia tu. Kazi yangu ni kujua linalia likifanya nini." Akamgeukia Nzilani. "Wewe una masikio mapya. Panda."

Fundi aliachia habu, wakaendesha hadi kanisani. Kimya. Akashuka, akazikaza, bila kugusa gia ndogo. Wakarudi, na kilio kikarudi nao. Hata mbele ya fundi, mchana kweupe, sauti ile ilimsisimua Nzilani mwili.

"Umeona?" Fundi alisema. "Gia ndogo hatujaigusa, kwa hivyo si giaboksi. Linalia kwa kitu kinachozungushwa na magurudumu ya mbele." Alikata usukani wote kushoto, kisha kulia, akizunguka uwanja polepole. "Viungo vya magurudumuni vikifa hugonga ka-ka-ka ukikata kona. Hii haigongi. Sasa tumebaki na propela au difu, yale meno ya katikati ya ekseli."

Alitandika gunia, akaingia uvunguni. Kila kitu kilikuwa kimepakwa tope la jana. Aliishika propela ya mbele akaitikisa, nayo haikucheza. Alitoka akijifuta mikono. "Nilikuja na krosi mbili mfukoni, vile viungo vya msalaba vya propela. Gari za namna hii mara nyingi hulilia hapo, vikikosa grisi. Nani hupiga grisi hapa?"

Baba alinyoosha kidole kuelekea mlango wa banda, na kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu. "Binti yangu. Tazama ubao mwenyewe, Fundi. Hajakosa hata Jumamosi moja."

Fundi Evelyn alitembea hadi mlangoni. Alizitazama alama nyeupe, safu kwa safu, akatikisa kichwa. "Kazi safi," alisema. "Basi si krosi. Itakuwa ndani ya difu. Hapo lazima nishushe mafuta, nifungue ekseli ya mbele, niagize bearingi Mombasa. Mkiwa na bahati, Jumatatu."

"Jumatatu?" Baba aliuliza. Alitazama dirisha la chumba cha Teresia, kisha ardhi.

Fundi alichukua spana, akapiga goti kando ya gurudumu. Alikuwa anaifungua sehemu isiyo na ugonjwa kwa sababu ubao ulimwambia ile yenye ugonjwa ni nzima. Nzilani aliisikia spana ikiuma boliti. Alimpenda Baba kuliko mtu yeyote, na alijua kwamba akisema sasa, lile tabasamu la pale bandani halitarudi. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho, na Teresia alikuwa nyuma ya dirisha lile. Alipiga moyo konde.

"Fundi, usifungue," alisema. "Alama hizo mbili ni za uongo."

Spana ilisimama.

"Propela ya mbele sijaitia grisi tangu mwezi wa tisa. Niliona haizunguki, nikadhani haina haja. Nikaweka alama tu. Jana nilijua, na bado nikanyamaza."

Baba hakumpiga wala hakumkemea. Alimtazama tu, na Nzilani angalichagua kiboko. Fundi Evelyn alirudi uvunguni. Alikwangua tope kwenye kiungo cha kwanza, akakifuta kwa kitambaa, akamwita. Kandokando ya kofia ya chuma palikuwa na unga mwekundu, laini kama pilipili iliyosagwa.

"Unaona hiyo? Ni kutu," alisema. "Kiungo kikavu kinajisaga chenyewe. Haikucheza nilipoitikisa kwa sababu kutu imeikaza. Kila mzunguko chuma kinalia juu ya chuma, na kuta za korongo zinairudisha sauti mpaka mtu asijue inatoka wapi. Na mvua nayo imemalizia grisi kidogo iliyokuwemo. Ingekatika mtoni, propela ingeanguka, mkwame humo maji yakija." Alimpa Nzilani nyundo. "Shika. Tunazitoa pamoja."

Ilipofika saa saba krosi mpya zilikuwa ndani, zimeshiba grisi. Waliendesha hadi kanisani na kurudi, habu zimekazwa. Gari halikutoa hata mlio.

Teresia alisikiliza kutoka mlangoni, hakusadiki. Nzilani alimwendea na kumweleza kila kitu, hata habari ya chai. Teresia alimtazama kwa muda mrefu. "Umeniliza usiku kucha," alisema, "kwa uvivu wa dakika tano? Haya. Utakaa kando yangu. Nikisikia kitu, nashuka na wewe."

Walifika korongoni saa tisa. Ukungu ulikuwa umeshuka tena. Baba alikaza habu, akavuta gia ndogo, na gari likaanza kuteremka katika ule weupe. Teresia aliushika mkono wa Nzilani mpaka vidole vikauma. Walisikia mchanga chini ya magurudumu. Walisikia maji yakitiririka mahali fulani wasipopaona. Ule ukimya ulikuwa mzito kiasi kwamba Nzilani alijikuta akikingoja kilio, nywele zimemsimama, kana kwamba kweli kuna mtu aliyekuwa akizungumza nao na sasa amenyamaza. Gari lilipanda ukingo wa pili. Teresia alipumua.

Susu Nthenya alikuwa amesimama kando ya njia, kiganja nyuma ya sikio. Gari lilipompita aligeuza kichwa kulifuata, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeahidiwa mgeni ambaye hakuja.

Mtoto wa Teresia alizaliwa Ijumaa asubuhi kwa upasuaji, msichana mzima mwenye sauti ya kuamsha wodi. Daktari aliwaambia kwamba kuchelewa kwa siku moja kungekuwa hatari sana. Baba na Nzilani walikaa kwenye benchi la nje, na ndipo Baba alipozungumza naye vizuri kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Kazi isiyofanywa si kitu kikubwa," alisema. "Mtu ataiona, ataifanya. Lakini ukiweka alama ya uongo, unamwambia mwenzako asitazame hapo. Fundi alikuwa amekwisha kuushika ugonjwa mkononi, ukamfanya auachilie. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Jana ulisema ukweli ukiwa unaogopa, na hilo nimeliona. Lakini kuna mtu mmoja bado hujamwambia."

Jumamosi mchana, wakirudi, Baba alizima gari ukingoni mwa korongo. Nzilani alishuka peke yake. Susu Nthenya alikuwa ameketi kwenye jiwe mbele ya nyumba yake, kibuyu kidogo miguuni. Nzilani alipiga goti, akamwamkia, akamweleza: propela, grisi, alama za chaki. Safari hii hakuruka kitu.

Upepo ulipita mtoni na ukaenda zake.

"Kwa hivyo hakuwa analia," bibi kizee alisema.

"Hakuwa analia, Susu. Kilikuwa chuma."

"Wiki tano nimekuwa nikishuka mle kila gari likipita. Nilipeleka maziwa. Nilimwita kwa jina." Aligusa kibuyu. "Nilisema, miaka tisa mtoto ananililia mimi na sikumsikia. Sikulala, mjukuu wangu."

Nzilani aliangua kilio. Hakuwa amemlilia Teresia wala Baba jinsi alivyolia pale, kichwa magotini mwa mwanamke ambaye hakuwahi hata kupanda gari lile. Mkono mkavu ulikuja ukatulia kisogoni mwake.

"Sikiliza," Susu Nthenya alisema. "Ulidhani uongo wako ni mdogo, utakaa mlangoni pa banda la baba yako. Uongo haukai. Ulitoka ukatembea, ukatafuta mtu mwenye kidonda, ukaketi juu yake. Ndiyo maana mtu huusema ukweli mapema, kabla uongo haujafika kwa mtu asiyemjua. Lakini umekuja mwenyewe. Wengi wangepita tu na gari lao. Sasa najua mtoto wa Mwelu amelala, na amelala siku zote hizi. Leo na mimi nitalala."

Alimpa kibuyu. Maziwa yalikuwa bado na joto, na Nzilani aliyanywa yote, kwa sababu Susu alikaa akimtazama mpaka yakaisha.